Mambo Matatu ya Kumwambia Naibu Waziri

Miaka ile Karatu ilikuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu, na mji wenyewe ulikuwa mstari mmoja wa maduka pande mbili za barabara ya vumbi jekundu. Mimi nilikuwa na mgahawa karibu na pale mabasi yaliposimama. Nilizaliwa Oldeani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, na mume wangu alikuwa bado fundi huko huko shambani. Alikuja nyumbani Jumamosi, akaondoka Jumapili jioni. Siku nyingine zote mgahawa ulikuwa wangu na uamuzi ulikuwa wangu. Nadhani ndiyo maana wafanyabiashara wa mji waliniingiza kwenye kikundi chao, mwanamke peke yangu. Au labda waliniingiza kwa sababu nilikuwa na mabenchi ya kutosha, na chai.

Kikundi hakikuwa na jina. Jina lingetuletea maswali. Siku hizo mwenye duka akikutwa na katoni mbili za sabuni chini ya kaunta aliweza kuitwa mlanguzi, sembuse wenye maduka kukaa pamoja na kunong'ona. Kwa hiyo tulikutana mchana, Jumapili baada ya ibada, mlango ukiwa wazi, na tukamwalika katibu wa chama wa kata akae nasi. Alikuja mara mbili tatu, akaona tunagombania dizeli na mashimo ya barabarani tu, akachoka, akaacha kuja.

Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Kiiraqw mwenye duka na lori. Lori lilikuwa kuukuu, lakini mjini lilikuwa moja kati ya machache yaliyotembea, na kila aliyetaka kusafirisha kitu alimwamkia mzee yule kwa adabu zaidi ya aliyokuwa nayo kwa baba yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akishasema hapendi kurudia. Aliyemsumbua ni mwenye mashine ya kusaga, jirani yangu, mwanamume mnene mwenye unga kwenye nyusi, ambaye kwake dunia nzima ilikuwa na tatizo moja: dizeli. Mashine yake ilikuwa inasimama wiki nzima kwa kukosa mafuta, na akina mama wakirudi na debe la mahindi kichwani walimlaumu yeye, si serikali.

Halafu alikuwepo mfanyabiashara wa Endulen. Yeye alikuwa Mmaasai, mtu mzima, si mzee bado, aliyevaa koti la sufu juu ya lubega lake. Aliteremsha mbuzi na ngozi Karatu, akapandisha mahindi, chumvi na majani ya chai. Watu wa kwao, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, walikuwa wamekatazwa kulima tangu miaka michache nyuma, kwa hiyo unga wao wote ulitoka kwetu huku chini, na mwingi ulipanda kwa punda, kwa njia za msituni. Kiswahili alijifunzia mnadani, polepole, na kila neno alilitoa kama mtu anayehakikisha sarafu si bandia kabla ya kuiachia. Mimi aliniita *yeyo*, mama, ingawa nadhani tulilingana umri.

Tulipata habari kwamba naibu waziri mmoja atapita kwetu akielekea Ngorongoro. Katibu wa kata ndiye aliyetuambia, na akasema anaweza kutuombea dakika chache atakaposimama kusalimia wananchi. Akatuonya: "Msimletee mambo mia. Mambo matatu. Na yawe ya serikali kuu, siyo ya choo cha sokoni."

Jumapili ile kikao kilianza mchana na jua likaelekea kuzama bado tunabishana.

La kwanza halikuwa na ubishi: barabara. Kutoka Mto wa Mbu kupanda ukutani mwa Bonde la Ufa hadi kwetu, masika ilikuwa ni tope tupu, na basi la Arusha lilikwama humo kiasi kwamba abiria walijua miti ya pale mmoja mmoja. La pili, dizeli. Mwenye mashine alilisemea mpaka povu likamtoka. La tatu ndilo lililotugawa. Wengi walitaka mpaka. Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, magari ya watalii yaliyokuwa yakija kutoka Nairobi yalikatika. Waliouza vinyago na shanga walifunga, madereva waliokuwa wakila kwangu wakapungua, na hoteli kubwa za juu kwenye ukingo wa kreta zikabaki na wahudumu wengi kuliko wageni. "Tuseme mpaka ufunguliwe," walisema.

"Mpaka usiguswe," mwenyekiti akasema. "Hilo ni la marais. Ukimwambia naibu waziri habari ya mpaka, atauliza wewe ni nani."

Hapo mfanyabiashara wa Endulen akanyanyua mkono. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, hajasema neno tangu mwanzo.

"Ninyi mnataka barabara ili watu waje kutazama," alisema. "Ni sawa. Lakini sisi tunaotazamwa, tunataka mahindi."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akaeleza. Ngorongoro ilikuwa wilaya nyingine, na mahindi hayakuruhusiwa kuvuka wilaya bila kibali. Kibali kilianzia Mbulu, kikaenda Arusha, na hata ukikipata, getini unaweza kuambiwa gari la mizigo haliingii. Punda mmoja anabeba magunia mawili akiwa na afya. Mwaka wa ukame watu wa juu wanauza ng'ombe kwa bei ya kutupa ili wanunue unga ambao umebebwa na punda. "Lori la mzee lipo," akasema akimwonyesha mwenyekiti kwa kidevu. "Mahindi ya Karatu yapo. Katikati kuna karatasi tu."

Mwenye mashine akasema hilo si jambo la mji, ni jambo la wafugaji. Nikamwuliza ni nani anayewasagia wafugaji. Akajifuta unga kwenye nyusi. Mwenyekiti akakubali liwe la tatu, basi, kwa sababu la mpaka alilikataa na nafasi ilikuwa tupu. Tuliamua mwenyekiti aseme la barabara na la dizeli, na mimi nimsaidie, kwa kuwa katibu wa kata alisema mama akisema kitu wakubwa hawakasiriki. Kuhusu la mahindi, mwenyekiti alisema atalimalizia yeye mwenyewe.

Siku ilipofika tulijipanga kando ya barabara tangu asubuhi. Nilikuwa nimevaa kitenge cha harusi. Nilichinja mbuzi, nikapika pilau, na sukari niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya Krismasi yote iliingia kwenye birika siku ile. Watoto wa shule walikuwa na nyimbo. Jua likapita utosini. Alasiri tukaona vumbi linatoka upande wa Rhotia, halafu Landrova tatu, halafu tukaona migongo ya zile Landrova tatu. Hazikupunguza hata mwendo. Vumbi liliingia kwenye pilau.

Tulisimama pale kama watu walioachwa na basi. Mwalimu wa nyimbo aliwaambia watoto waende nyumbani. Mwenye mashine akasema, "Ndiyo hivyo," akachukua sahani, akaanza kula. Mwenyekiti alikuwa bado barabarani. Alilitazama vumbi mpaka likatua, kisha akanigeukia.

"Analala juu, kwenye hoteli ya ukingoni," alisema. "Kesho asubuhi lori litapanda. Anayetaka aje."

Waliokuja ni mimi na mfanyabiashara wa Endulen. Mwenye mashine alisema mgongo unamuuma.

Tuliondoka alfajiri, watatu kwenye chumba cha mbele cha lori, mzee akiendesha mwenyewe. Nilikuwa nimejifunga blanketi juu ya sweta na bado natetemeka. Njiani nilijikuta nawaza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: nilikuwa nimeishi chini ya mlima ule maisha yangu yote, nimepikia mamia ya watu waliokuwa wanakwenda kutazama kreta au wanatoka kuitazama, na sijawahi kuiona. Nilimwuliza mzee. Naye alikuwa hajaiona. Alipeleka mizigo mpaka getini mara nyingi, akapakua, akageuza. Mwenzetu wa Endulen alitutazama mmoja baada ya mwingine, akacheka kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe wangu ameiona," alisema.

Getini tulisimamishwa. Mlinzi alisema gari la mizigo haliingii bila kibali, na sisi wawili wa Karatu hatuna ruhusa. Mwenyekiti alianza kueleza habari ya naibu waziri, mlinzi akamkata kauli. Ndipo mwenzetu akashuka. Wakazungumza Kimaasai, kwanza wamesimama wakitazamana, halafu bega kwa bega, wakitazama msitu. Walizungumza kwa muda mrefu. Mlinzi akarudi, akanyanyua mti wa geti bila kutuangalia.

"Umemwambia nini?" mzee aliuliza tulipokwisha kupita.

"Ukweli. Nimemwambia mnakwenda kumwomba mkubwa mahindi. Na mama yake mlinzi anakaa Nainokanoka, humu humu hifadhini."

Mzee alibadilisha gia.

Tulipanda msituni, na kadiri tulivyopanda ukungu ulizidi kuwa mzito. Ndevu za kijani zilizoning'inia kwenye miti zilidondosha maji juu ya kioo. Tulipofika hotelini hatukuona hoteli. Tuliona taa, na mtu mwenye sare akitokea ndani ya weupe kama ametoka kwenye unga. Alitwambia mizigo hupelekwa nyuma. Tukamwambia sisi hatuna mizigo, tumemfuata naibu waziri. Alikwenda akarudi na kijana mwenye suti ya kaunda, msaidizi wa mkubwa, ambaye alituuliza kama tuna ahadi.

"Ahadi ilikuwa jana," nilimwambia. "Sisi tulikuwepo."

Sijui nilipata wapi ulimi ule. Labda ni uchungu wa yule mbuzi niliyemchinja bure. Msaidizi alikuwa anafungua mdomo kutufukuza, sauti ikatoka ndani: "Ni akina nani hao? Waache waingie. Hapa hakuna anayekwenda popote."

Naibu waziri alikuwa amesimama mbele ya dirisha kubwa kuliko ukuta wa nyumba yangu, amevaa koti zito, anatazama nje. Nje hakukuwa na kitu. Ukungu ulikuwa umebandikwa kwenye kioo kama karatasi. Magari yake hayangeweza kushuka kreta, na hewa ilikuwa baridi, na mwanamume yule, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, alionekana kama mtu aliyechoka kusubiri. Alituagizia chai. Chumba kile kilikuwa na viti vya kutosha harusi mbili, na watu waliokaa walikuwa sisi tu.

"Jana," alisema, "niliona watu wamejipanga barabarani. Nilidhani mnasubiri basi."

"Tulikuwa tunakusubiri wewe, Ndugu Naibu Waziri," mwenyekiti akasema.

Aliinamisha kichwa kidogo. "Nilikuwa nasinzia. Haya. Semeni."

Mzee akaanza na barabara. Nilikuwa nimemjua kwa miaka kama mtu wa maneno machache, lakini asubuhi ile maneno yalimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Alitaja kila kona ya ule mteremko, kila lori lililopinduka, kila mwaka tingatinga lilipoahidiwa. Naibu waziri alisikiliza. Kisha akanigeukia na kuniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akatabasamu.

"Basi likikwama, abiria wanakula kwako. Barabara mbovu si inakufaa?"

"Siku ya kwanza inanifaa," nilisema. "Siku ya pili wanakula kwa mkopo. Siku ya tatu kuna mwenye mtoto mchanga, na mimi nami ni mzazi. Nawalisha bure."

Alicheka sana, na nikaona hata msaidizi wake analegea. Akauliza maswali mengine, ya maana, kuhusu magari mangapi yanapita, kahawa ya Oldeani inasafirishwaje, vitunguu vya kule Baray vinaoza kiasi gani kabla ya kufika Arusha. Mzee akajibu yote. Kisha akaingia kwenye dizeli. Nilikuwa natazama kikombe cha mwenzetu wa Endulen. Hakukigusa. Alikuwa amekaa wima kwenye ncha ya kiti, fimbo kati ya magoti, anangoja mzee afikie la tatu kama tulivyokubaliana.

Mzee alikuwa katikati ya habari ya mashine ya kusaga, mimi nikamgusa mkono, taratibu. Alinielewa, najua alinielewa, lakini alikuwa na habari ya pampu ya maji ya hospitali bado, nayo pia ilikuwa ya kweli.

Ndipo dirisha likaanza kubadilika. Weupe ulipata doa la kijani, doa likapanuka, na ghafla ukungu ukapasuka kuanzia chini na kreta yote ikawa pale, chini yetu, na jua limeiangukia upande mmoja. Sikujua kwamba ni kubwa hivyo. Nilikuwa nimefikiri ni shimo. Ilikuwa ni nchi, ina ziwa lake na msitu wake na mawingu yake yenyewe. Niliinuka bila kujua nimeinuka. Mzee naye alikatika katikati ya sentensi, mdomo wazi, na dizeli yake ikaishia hapo.

Naibu waziri alikuwa ameshavaa kofia. Madereva waliwasha injini. "Nashukuru sana," alisema akitupa mkono mmoja mmoja, "nimewasikia, barabara na mafuta," na akaanza kutembea kwenda nje.

Mwenyekiti alibaki amesimama. Mimi nilikuwa bado dirishani. Aliyetembea ni mwenzetu. Alimfuata naibu waziri mlangoni, akalingana naye hatua, bila kukimbia na bila kumgusa, kama mtu anayemsindikiza mgeni wake. Nikawafuata nyuma, ndiyo maana niliyasikia.

"Ndugu," alisema, "kuna la tatu."

"Sema haraka."

"Sisi wa humu ndani hatulimi. Mimi siombi shamba. Naomba lori lipande na mahindi, lisisimamishwe."

"Nani analisimamisha?"

"Karatasi. Ya Mbulu, halafu ya Arusha, halafu ya getini."

Naibu waziri alikuwa ameshashika mlango wa gari. "Kwa mahindi ya kula?"

"Ya kula. Hakuna mengine."

"Na humu mnaishi watu wangapi?"

"Hata mimi sijui. Faru mnawahesabu. Sisi, sijui."

Nilidhani atakasirika. Alimgeukia msaidizi, akamwambia, "Andika hilo." Msaidizi akatoa kalamu mfukoni. Magari yakaondoka, yakashuka kwenda kuwaona wanyama.

Kabla ya kurudi tulimsogeza mwenzetu upande wa kwao. Kwenye njia panda ya Endulen mwenzetu aliomba kushuka. Mzee alizima injini, jambo ambalo hakulifanya kirahisi kwa sababu lori lile lilikuwa halijui kuwaka tena lenyewe.

"Nilisahau kunyamaza," alimwambia.

"Hapana, mzee. Ulikuwa na mengi," mwenzetu akajibu. Alinishika kichwa kidogo, kama Wamaasai wanavyowasalimia watoto, kunitania, akaenda zake.

Barabara haikuja. Ilikuja baada ya miaka mingi sana, wakati mwenyekiti amekwisha kuzikwa, na waliokuja kuijenga hawakuwa wamesikia habari zetu. Dizeli iliendelea kuwa ile ile: leo ipo, kesho haipo. Mpaka ulifunguliwa baadaye na marais wenyewe, kama mzee alivyosema. Lakini kabla ya masika yaliyofuata katibu wa kata aliniletea habari mgahawani: ofisi ya mkoa imeruhusu mahindi ya chakula yapande Ngorongoro kwa lori, kibali kimoja kwa msimu mzima, na getini wameambiwa.

Mwenyekiti aliposikia alikuja akakaa, akaagiza chai na hakuinywa. "Barabara niliisemea asubuhi nzima," alisema.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Sitaki kusema kwamba maneno machache hushinda mengi, kwa sababu nimeona maneno machache yakipuuzwa pia. Labda barabara ingegharimu fedha ambazo nchi haikuwa nazo, na ruhusa iligharimu wino. Labda naibu waziri aliona aibu kwa lile jibu la faru. Ninachojua ni kwamba kilichokuja ni kile tulichokiweka mwisho ili kujaza nafasi.

Safari ya kwanza ya mahindi nilipanda nayo mpaka Endulen. Ugomvi ulianza kabla ya kuondoka: mzee alitaka kuongeza nauli kwenye kila gunia, kwa sababu lori litarudi tupu, na mwenzetu akasema watu wa juu hawawezi. Walisimama pale mbele ya mashine ya kusaga wakitupiana maneno, mpaka mwenye mashine, yule yule aliyeumwa mgongo, akasema, "Kwani mbuzi hawapandi lori?" Ikawa hivyo. Mahindi yalipanda, mbuzi wakashuka, na nauli ya kurudi ikalipwa na mbuzi.

Kule juu wanawake walikuwa wametandika ngozi chini kando ya njia, wanasubiri na punda wao kwa kipande cha mwisho tu cha safari, cha kwenda kwenye maboma yao. Bibi mmoja alikuja akapapasa gunia, akaingiza kidole kwenye mshono, akatoa punje moja, akaitafuna. Kisha akaniuliza kitu.

"Anauliza mahindi haya yamelimwa na nani," mwenzetu akanitafsiria.

Nilimwambia sijui shamba lake, lakini ni ya Karatu, ya watu kama mimi. Bibi akasikiliza tafsiri, akatafuna tena, akasema neno.

"Anasema ni makavu vizuri."

Tulipakua mpaka mchana. Baadaye vibali vya mahindi viliondolewa nchi nzima, kila mtu akawa anabeba anakotaka, na kikundi chetu kikakosa la kuomba pamoja. Kikao cha mwisho nilichokiona tulikuwa wanne. Tuliongea habari ya mwenye mashine anayemwoza binti yake, nani atatoa sufuria, nani atatoa lori. Kila mmoja akasema atakachotoa, tukamaliza chai, nikafunga mgahawa.